Namna ya Kusema Gisirayine

Kinywani mwake mimi nilikuwa Ririyana. Jina langu ni Liliane. Wazazi wangu walinipa jina hilo Bukavu, Kongo, walikokuwa wakimbizi, na masista walionifundisha kusoma walinizoeza kulitamka huku ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno. Baada ya vita tulirudi nchi tuliyokuwa tukiambiwa ni yetu, tukapata nyumba Giheke, na jirani yetu wa upande wa migomba akawa yule mama. Miaka yote tuliyoishi naye hakuwahi kunipa hata L moja. Nilipomsahihisha mara ya kwanza alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa sambaza waliolala tangu jana. Akaniambia kwamba yeye haharibu jina la mtu, analibadilisha tu, kama vile mtu anavyobadilisha pesa akivuka mpaka.

Sote tulimwita Marene. Neno lenyewe ni la Kifaransa, marraine, mama wa ubatizo, nalo alikuwa amelibadilisha vivyo hivyo. Nusu ya watoto wa kilima alikuwa amewasimamia kanisani. Hata Waislamu waliopanda kutoka Bugarama na mchele wao walimwita Marene, na yeye aliitika bila kuona ajabu. Alizaliwa wapi, alikuwa wa ukoo gani, sikuuliza. Katika miaka ile kwetu, mtu mwenye akili hakuuliza.

Wanawake wenye mimba walimwendea kutafuta jina. Walikwenda na kibuyu cha pombe ya ndizi, au bila kitu kama hawana, naye aliwakalisha nje kwenye mkeka akaanza kuwapima. Hakutoa jina mara moja. Aliokota majina kila mahali: kwenye kalenda ya watakatifu, kwenye redio ya jirani, kwenye makopo ya maziwa, kwenye magunia ya msaada. Kwa hiyo kilima chetu kilikuwa na Kirotirida, na Wensesirasi, na Iririki ambaye kwao Ulaya angekuwa Ulrich, na msichana mmoja mwembamba aliyeitwa Perepetuwa. Jioni mama zao walipowaita kula, mgeni angedhani watakatifu wote wameangukia migombani na kuumia midomo.

Nilicheka sana mwanzoni. Sisi tuliotoka Kongo tulijiona tunajua Kifaransa, na wenyeji waliona kwamba tunasema kwa pua. Ilikuwa vita ndogo iliyobaki baada ya ile kubwa, na afadhali hii, maana katika hii tulikuwa tunachekana tu.

Lakini siku moja, tukichambua maharage, nilimwuliza kwa nini hawapi watoto majina ya Kinyarwanda, mazuri, yenye maana. Alicheka bila furaha. Akasema tatizo lenyewe ni hiyo maana. Majina yetu yana mdomo. Mtu akigombana na jirani, mtoto akizaliwa anamwita Banyangiriki, yaani "wananichukia kwa nini," na jirani anasikia ujumbe huo kila asubuhi mtoto anapotumwa maji. Jirani naye akizaa anajibu. Watoto wanakua wakiwa ni maneno ya ugomvi yanayotembea kwa miguu. Alisema ameona mahali maneno yalikofika, na kwamba jina lisilosema kitu halina wa kulijibu. Aliendelea kuchambua maharage. Mimi sikuwa nimeona alichokiona, nilikuwa ng'ambo ya mto, Kongo.

Msimdhanie mtakatifu. Alikuwa mkali na mwenye kinyongo. Nilipojifungua, alikuja na jina lake tayari, nami nikamwambia kwamba baba wa mtoto amekwisha kuchagua, jina ni Joël. Marene aliinuka, akakung'uta kitenge chake, na hakukanyaga tena ua wangu msimu mzima wa maharage. Tulipokutana njiani alimsalimu mtoto mgongoni akanipita mimi mama yake. Halafu siku moja niliumwa malaria, nikamwona ameingia na sufuria ya uji, anamwita mtoto: Joweri, Joweri wangu. Hakuomba msamaha wala mimi sikuudai.

Alichokichukia kuliko vyote ni herufi zisizosomwa. Hakukubali kabisa kwamba Wafaransa wanaandika herufi halafu wanaziruka. Alisema kila herufi imekuja kwa miguu yake, kwa nini uifukuze mlangoni. Padri kijana aliyeletwa parokiani aliwahi kumbatiza mtoto mmoja kwa Kifaransa safi, Clotilde, na Marene akiwa amemshika mtoto akasema mbele ya watu wote kwamba huyo aliyebatizwa hamjui, wa kwake ni Kirotirida. Padri alimweleza kwa upole kwamba Mungu anasikia yote mawili. Marene akamjibu kwamba hana shaka na masikio ya Mungu, anawaza masikio ya mtoto. Watu walicheka, na padri pia. Mimi sikujua bado kwamba hakuwa anatania.

Maana alikuwa na mjukuu, na mjukuu huyo alikuwa amepotea.

Jina la mtoto alikuwa amelipata kwenye zahanati ya parokia, zamani, kabla ya vita. Palikuwa na muuguzi Mbelgiji ambaye wote walimwita Masera tu, yaani sista, lakini kwenye aproni yake palikuwa pameshonwa jina kwa uzi wa buluu: Ghislaine. Wenyewe wanalitamka kwa ufupi, Gilèn, nusu ya herufi zikibaki nje. Marene hakuwahi kumsikia mtu yeyote akilitamka. Alilisoma mwenyewe akiwa kwenye foleni, herufi baada ya herufi, akalipenda. Binti yake alipozaa, mtoto akaitwa hivyo hivyo kama lilivyosomwa: Gisirayine. Lilisikika kama jina la kilima kingine cha kwetu, karibu na Giheke na Gihundwe, na watani walimwuliza kama mtoto huyo analimwa mihogo. Mtoto mwenyewe, alipoanza kusema, alijiita Sirayi.

Jina la binti yake, mama wa Gisirayine, sijalisikia mpaka leo. Yeye aliyeokoteza majina ya dunia nzima hilo moja hakulitaja. Nilichojua ni kwamba binti alikufa katika ile miezi ya mauaji, na kwamba Marene alivuka kwenda Kongo na umati mkubwa, mtoto mgongoni, wakaishi kambini ng'ambo miaka miwili na zaidi.

Kambi zilipovunjwa kwa risasi, Marene alikuwa ameenda kuchota maji. Mtoto alikuwa ameachwa na mwanamke wa hema la jirani, na mwanamke huyo alikimbia na waliokimbilia msituni, wakati Marene na ndoo yake alisukumwa na waliokimbilia huku kwetu. Mtoto alikuwa na umri wa kusema maneno yote lakini si wa kueleza kwao ni wapi. Nakumbuka wiki ile. Nilikuwa nimekwenda mjini Kamembe, nikasimama kando kuwaangalia wanaorudi, na jambo lililonitisha ni kwamba barabara nzima ilikuwa inaita majina. Hakuna aliyelia, hakuna aliyesema neno jingine. Kila mtu alikuwa anaita jina lake moja, amegeuza uso nyuma. Huenda lake nililisikia miongoni mwa yale, kabla hatujawa majirani, sijui.

Baadaye redio ilianza kusoma majina ya watoto waliotafutwa, kila Jumapili mchana. Marene alikuja kwetu kusikiliza, kwa kuwa redio yetu ilikuwa na betri. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Zamu ya mjukuu wake ilipofika, mtangazaji akasoma, kwa sauti nzuri ya mtu aliyesoma: Ghislaine. Marene aliendelea kungoja. Alidhani bado. Ilibidi nimwambie kwamba ameshasomwa.

Kesho yake alikwenda kwa miguu hadi Kamembe, kwenye ofisi walikopokea matangazo. Alinisimulia mwenyewe. Alimwambia kijana wa pale kwamba wamemwita mtoto wa mtu mwingine. Kijana akamwonyesha kwamba jina limeandikwa sawasawa. Marene akasema hajaja kwa ajili ya maandishi, mtoto wake hajui kusoma. Huko aliko, hata redio ikiwa puani pake, akiitwa Gilèn hatageuka. Kijana alimhurumia, akaahidi.

Jumapili iliyofuata tulikusanyika. Mtangazaji alifika pale, akasita, akajaribu: Gisi, Gisira. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejizuia, akaomba radhi, akasoma jina lililofuata. Marene alinyoosha mkono akazima redio. Alisema, "Amemucheka mutoto wangu mbele ya dunia yote." Hakuja tena kusikiliza.

Kuanzia hapo alianza shughuli yake nyingine, iliyomfanya ajulikane hadi kwenye kituo cha mabasi cha Kamembe. Yeyote aliyekuwa anavuka kwenda Bukavu, muuza nyanya, mpagazi, fundi, mwanafunzi, alimsimamisha akamfundisha jina. Hakutaka ulipeleke kwenye karatasi. Alitaka ulibebe mdomoni. Useme, urudie, uweke uzito kwenye "ra," usizame puani mwishoni. Ukikosea alikurudisha mwanzo, hata kama wenzako wameshafika darajani, mpakani. Wengine walimkwepa, wakapita njia ya chini. Wengine walilisema kwa dharau ili wapite. Wachache walilisema vizuri, na hao aliwabariki.

Mimi lilinishinda miezi mingi. Nilivuka kila wiki kununua vitenge, na kila wiki alinipima, na ulimi wangu uliosomeshwa ukapita kwenye Kifaransa wenyewe bila kuniuliza. Nilimkasirikia. Nilimwambia siku moja kwamba mimi siwezi kujifunza kukosea. Alinijibu polepole, bila hasira:

"Ririyana, weye unajua namna jina inaandikwaka. Yeye anajua namna inaitwaka. Kati yako na yeye, ni nani iko na haja nayo?"

Nikajifunza. Nililisema nikifua, nikisaga unga, hata Joweri akalijua kabla ya jina la baba yake.

Ikaja vita ya pili ya Kongo, mpaka ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena. Askari wetu walikuwa ng'ambo, na watu wa Bukavu, waliokuwa wakiniita dada, wakaanza kunihesabia chenji bila kunitazama. Sikuwalaumu. Marene alizeeka vibaya katika miaka hiyo. Meno yalimtoka, na hata hivyo jina alilitamka vile vile. Watu walianza kusema kwamba mtoto alikwisha kufa msituni zamani na kwamba bibi huyu anawafundisha watu jina la marehemu. Mimi pia niliamini hivyo, ingawa niliendelea kulibeba. Nilikuwa nimekata tamaa kwa niaba yake, na niliona haya kwamba yeye bado.

Basi mwaka ambao askari walianza kurudi, alikuja muuza nyanya mmoja wa hapa kwetu, mmoja wa wale waliobarikiwa. Alimkuta Marene kwangu. Alisema kwamba kwenye soko la Kadutu, huko Bukavu, alikuwa na mteja, mwanamke anayeuza unga wa muhogo. Mwanamke huyo alimsikia akimtajia mpagazi lile jina, akaenda zake. Siku nyingine akarudi peke yake, akainama kama anachagua nyanya, akamwambia alitaje tena. Halafu akasema nyumbani kwake kuna msichana aliyeokotwa njiani wakati wa kambi. Walipomuuliza jina, mtoto alisema Sirayi, Sirayine. Wao wakasikia Céline. Anaitwa Céline tangu hapo.

Marene hakulia wala hakushukuru. Alisema tu, "Serina," akilipima, akatikisa kichwa. Kwake hata hilo lilitoka na R.

Tulivuka pamoja, yeye na mimi, tukiwa tumefunga vitenge kama wanunuzi wa unga. Kupanda Kadutu kulitusumbua. Nilitaka kumpa mkono, akaukataa. Mwanamke wa unga alitufungulia, akatuingiza haraka, akafunga mlango na kuuegemea. Alikuwa mtu mnene, wa makamo, amechoka, na macho yake yalikuwa mekundu kabla hatujasema lolote. Msichana alikuwa nyuma ya nyumba, akiosha sahani. Tulimwona mgongo kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi.

Mwanamke alisema yake mara moja, kwa sauti ya chini.

"Maman, sitakudanganya. Batu ba hapa banajua ni mutoto ya dada yangu wa kule Walungu. Miye njo nilisema vile. Tangu vita kila muntu anaangalia pua ya mwenzake. Kule chini balichoma nyumba ya muntu, banasema ni Munyarwanda. Yeye mwenyewe hajui kitu, anajua ni miye mama yake. Anasoma, iko wa kwanza ku masomo. Kama ni wako, umukamate, siwezi kukatala. Lakini ukimukamata, wote batajua nilificha nini humu ndani, na niko na batoto bengine bane. Na ukimuacha, Maman, umuache muzima. Usimuachie nusu."

Marene alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kama nimeelewa vizuri neno la mwisho, nusu, nikasema ndiyo. Kisha akasimama, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akashika mwimo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mwanamke wa unga aliweka mkono mdomoni.

Hakupaza sauti. Alilisema kama unavyosema na mtoto aliye karibu, aliye mgongoni mwako: "Gisirayine."

Msichana akageuka. Aligeuka mara moja, sahani mkononi, uso umefunguka wote, kama mtu aliyeitwa kula. Halafu akashangaa, akatazama huku na huku kuona ni kitu gani kimemgeuza. Alimkuta bibi mzee asiye na meno amesimama mlangoni. Huko Bukavu kila bibi mzee huitwa Koko, na yeye alikuwa mtoto mwenye adabu.

"Koko," aliuliza, "umeita nani?"

Mimi nilifunga macho. Moyoni nilikuwa namwambia Marene aseme tena, aseme mara moja tu, mtoto ataanza kukumbuka. Nilitaka alichukue jina lake na mtoto wake twende nyumbani, na nyumba ya yule mwanamke ibaki na Mungu wake. Nilitaka hivyo kwa moyo wote, sitaficha.

"Nimesema Céline," Marene akasema.

Alilisema na L. L nzima, safi, ulimi nyuma ya meno, na mwisho wa neno ukafungwa vizuri palepale panapofungwa. Katika miaka yote sikuwahi kuisikia herufi hiyo kinywani mwake.

"Nasikia unasomaka vizuri, Céline. Osha sahani zako."

"Merci, Koko," msichana akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Tulinunua unga, kwa kuwa majirani walikuwa wametuona tukiingia. Mwanamke alitaka kutupa bure, Marene akakataa. Tuliteremka Kadutu bila kuongea, nikiwa na mzigo kichwani na machozi ambayo sikuweza kuyafuta kwa sababu ya mzigo. Yeye hakulia. Darajani tulikutana na wanawake wawili wa Giheke wanaovuka, na mmoja, kwa mazoea, akamsalimu kwa kumtajia lile jina, akalitamka vizuri sana. Marene alimwambia aache, mtoto aliyemtafuta alikufa msituni. Wakasikitika, wakampa pole, wakaenda.

Tulipofika upande wetu alisimama.

"Ririyana, weye umesoma kwa masera. Hiyo jina ya mutoto, nimeisema vizuri?"

Nikamwambia alilisema vizuri.

"Usinidanganye. Sikuacha kitu ku mwisho?"

Nikamwambia hakuacha kitu, lilikuwa sawa kabisa, mtu yeyote wa Bukavu angelisema hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa. Ndipo alipokaa chini palepale kwenye vumbi, katikati ya njia, na watu wenye mizigo wakawa wanatuzunguka wapite.